Mikono ya Mvule, Kutoka Mbagala Hadi Kengeja

Shoga zangu wa mtaa wa Jadida, nimechoka. Tangu nirudi, kila nikikaa kwenye cherehani huja mtu na kipande chake cha habari. Bi Raya kasikia nimesafiri na maiti. Bi Hadia kasikia nimepotelea Makoongwe. Mke wa muuza halua kaniuliza mbele ya watu kama ni kweli nimeleta mzimu kutoka bara. Basi nawaandikia yote kama yalivyokuwa. Atakayeuliza tena baada ya hapa, nguo zake za sikukuu atashona mwenyewe.

Mnajua asili yangu ni Kengeja. Mnajua pia kwamba kaka yangu Hamad alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana na hakurudi. Kazikwa huko huko, na mama yetu amefariki hajaliona kaburi. Katika vijana wa kwetu waliokwenda, wanne hawakurudi. Aliyerudi ni binamu yetu Faki, mtoto wa baba mkubwa, ambaye siku hizi anatembelea fimbo lakini sauti yake bado ni ya gwaride. Yeye ndiye aliyezikusanya zile familia nne, akasema lazima tuwe na kumbukumbu ya watoto wetu nyumbani, mahala pa mtu kusimama akawaombea dua.

Hakuna aliyekataa. Ugomvi ulianza tulipofika kwenye umbo. Faki alitaka askari wa mti, mrefu, ana kofia ya chuma, buti na bunduki. Wengine wakasema sanamu lenye uso wa mtu hawalitaki karibu na nyumba zao, na kama ni hivyo bora tupande mkarafuu. Wakazozana mwaka mzima. Mwisho kazi akapewa fundi Lukasi, mchongaji wa Kimakonde anayekaa jirani na binti yangu Salma huko Mbagala, akaambiwa tu afanye kitu ambacho familia zote nne zitakikubali. Masikini, nani angeweza? Mimi nikatumwa kukichukua, kwa sababu njia ya Dar es Salaam naijua, na kwa sababu, alivyosema Faki, "Mize akigombana na mtu hushinda."

Mbagala

Nilipofika kwa fundi, mkewe alinikaribisha kwa sahani ya vitu virefu vyembamba vilivyochemshwa kwa chumvi. Nikavisifu, nikasema viazi vyao vizuri. Wakacheka. Kumbe ni ming'oko, mizizi ya porini kwao Mtwara, na haitafunwi yote: unaivuta kwa meno na ganda unaliacha. Mimi nilikuwa nimeshameza maganda matatu.

Fundi akatoa magunia yaliyofunika kazi yake. Mwanzo niliona mizizi pia. Nikasogea, nikaona ni mikono. Gogo moja la mvule, linanipita kidogo kwa urefu, na ndani yake wanaume wanne wamebebana na kushikana, huyu kampa mwenzake bega, yule kainama kumvuta wa chini. Vichwa vyote vimeinamia ndani, vimezibwa na migongo na mikono. Nilizunguka nikitafuta uso hata mmoja, sikuupata. Chini miguuni pana mawimbi, na mawimbi yamezungukwa na mnyororo, ule ule tunaouona kwenye miimo ya milango ya zamani ya Mji Mkongwe.

"Fundi," nikasema, "bunduki iko wapi?"

"Mama, kaa kwanza."

Nikakaa. Akaniambia kwamba huku kubebana kwa watu ni jadi ya kwao. Babu yake alichonga hivyo, na baba yake, ukoo mzima ndani ya gogo moja, kila mtu kambeba mwenziwe. "Mnyororo nimeuiba kwenu," akasema. "Nilikwenda Unguja nikawa napiga picha mlango wa watu kwa simu, mpaka mwenye nyumba akatoka. Alidhani ni dalali, akanifukuza na ufagio."

"Sasa Kaka Faki na askari wake?"

"Alinipigia. Nikamwuliza, mzee, huyo askari nimpe uso wa nani katika hao wanne? Akakata simu."

Kesho yake alinichukua mjini kumwona yule askari wa shaba aliyesimama katikati ya barabara, kaelekeza bunduki mbele. Nimempita mara nyingi mno nikiwahi boti, na sikuwahi kusimama nikamtazama. Siku hiyo nilisimama. Ni kazi kubwa, shoga zangu, hata mkunjo wa kaptula utadhani ukiugusa utalainika.

"Hapa nilikuja mara nyingi kabla sijaanza ya kwenu," fundi akaniambia. "Miguu nimeipata kwake. Ona alivyoikanyaga ardhi. Siwezi kumpita aliyemfanya huyu. Ila yeye yuko peke yake, mama. Nikamfikiria hivyo alivyo, nikasema wale wanne hawakwenda mmoja mmoja."

Nilirudi Mbagala na moyo wangu umegawika. Kazi niliipenda, siwafichi. Lakini niliwaza nitakavyoifunua mbele ya Faki, na mbele ya wale wa mkarafuu, na niliona wazi kwamba naweza kuziudhi pande zote mbili kwa pigo moja. Ikiwa familia hata moja itakataa, basi vijana wale hawatakuwa na kitu, maana hakuna ambaye angekuwa na nguvu ya kuanza upya.

Bandarini

Kosa alilifanya Salma, kwa nia njema. Aliona magunia machafu, akaizungushia kazi jamvi jipya, akalifunga kwa kamba tatu: juu, kati na chini. Sasa fikirieni wenyewe. Kitu kirefu, kimevingirishwa jamvi, kimefungwa sehemu tatu, na nyuma yake anafuata mama mtu mzima kavaa baibui, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Wapagazi wawili walipolinyanyua tu, mtu mmoja akavua kofia akaja kushika. Akaja mwingine. Kabla sijafunga mkoba wangu, jamvi lilikuwa limeshapanda mabegani mwa watu, wanapokezana, huyu anaingia mbele na yule anatoka nyuma, kama tunavyochukua jeneza. Watu waliokaa wakasimama.

"Jamani, si maiti!" nikapiga kelele. "Ni mti!"

Bwana mmoja akanishika mkono kwa huruma. "Pole, mama. Sote ndio njia yetu."

"Nakwambia ni gogo!"

"Pole sana," akasema, na akamgeukia mwenzake: "Msiba umemchanganya."

Kwenye boti liliwekwa pahala pazuri kuliko nilipokaa mimi. Unguja likapokewa vilevile, na tulipopanda meli ya Pemba habari ilikuwa imetutangulia. Mzee mmoja wa Chake, anayerudi kutoka matibabuni, aliketi karibu na jamvi, akatoa msahafu mdogo na kuanza Yasini. Nikamwacha amalize aya, kisha nikamwambia taratibu kwamba kaingia makosani, kwamba hiki ni kitu cha kuchonga, kumbukumbu ya watu waliokufa vitani.

"Watu gani?"

"Kaka yangu na wenzake."

"Walisomewa?"

Nikamwambia mama alisoma hitima nyumbani, lakini mwili hatukuuona wala hatukuubeba.

"Basi miye nimekosea nini?" akasema, akarudi kwenye sura yake.

Nilikaa pale nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikawafikiria watu wote wale waliokimbilia kuweka bega, wasiomjua Hamad. Nikalia kidogo, na safari hii aliyenipa pole sikumpinga.

Mkoani, na kwa nini nikaonekana Makoongwe

Bandarini Mkoani wakati wa kushusha mizigo kila mtu ana haraka na kila mtu ana mamlaka. Nilikwenda kutafuta gari la Kengeja. Niliporudi, jamvi langu lilikuwa limelazwa vizuri ukutani. Nikashukuru. Nikaligusa. Bapa kama meza.

Nikafungua kamba moja. Mlango! Ubao wa mlango, mpya, una nakshi na jina la Mwenyezi Mungu juu yake.

"Mwenye huu ni nani?" nikamwuliza mpagazi.

"Watu wa Makoongwe. Mlango wa msikiti wao."

"Na wao wamechukua nini?"

Akatazama mlango, akanitazama mimi, akatazama kisiwa ng'ambo. "Wameshavuka, mama."

Basi na mimi nikavuka, na mlango wa msikiti miguuni, kwenye kiboti cha mashine ambacho nahodha wake alicheka njia nzima hata akakosea pa kutia nanga.

Kitu changu nilikikuta kimesimamishwa kivulini nje ya msikiti, jamvi limefunguliwa, na nusu ya kisiwa imekizunguka. Kijana mmoja anayeitwa Makame, mmoja wa waliokibeba, alikuwa amejishika kichwa.

"Ndo weye mwenye mikono?" akaniuliza.

"Ndimi. Na nyiye ndio wenye mlango?"

"Alhamdulillahi! Tuliamba fundi kapandwa na wazimu."

Pakawa na kicheko, na mimi nikacheka, lakini jicho langu lilikuwa kwa imamu wao. Bado kijana, mvuvi, mikono yake ina magamba ya samaki, na alikuwa anaizunguka kazi ya Lukasi polepole, anainama, anachungulia katikati ya mabega. Nilijua anachotafuta.  Makoongwe na Kengeja si mbali, neno lake lingefika kabla yangu.

"Shehe," mtu akamwuliza, "hili vipi?"

"Nyuso sizioni," akasema. "Naona watu wanasaidiana, na hilo sijasikia kukatazwa." Akajipangusa mikono kwenye shuka lake. "Lakini msikitini kwangu haliingii. Nataka mlango wangu."

Bi Time, mama wa yule Makame, hakukubali niondoke na njaa. Akanipakulia muhogo wa nazi na pweza, na mimi naapa pweza laini vile sijala tangu kuolewa. Tukala tunaitazama mikono. Yeye alishikilia kwamba ni watu wanapandisha chombo pwani. "Wa chini ndo mwenye kazi," akasema. "Wa juu anapiga kelele tu, kama mume wangu." Mumewe akasema si chombo, ni watu wanamtoa mwenzao kisimani, na kwa vyovyote wa juu ndiye anayeona mbele. Niliwaacha wanabishana. Nahodha wangu, aliyekuwa amemaliza chai, akasema yeye anaona timu ya mpira imefunga bao.

Lori la Kengeja

Niliporudi Mkoani na kitu changu, gari nililoahidiwa lilikuwa limeondoka. Nikapata lori la abiria, lile la viti vya mbao, lililokwishajaa. Kazi ya Lukasi ikasimamishwa nyuma, ikafungwa nguzoni, bila jamvi maana jamvi lilibaki kwa Bi Time kama hidaya.

Tukaenda kidogo, tukasimama kupakia ndizi. Tukaenda, tukasimama dereva ampe mtu salamu za mkwewe. Gurudumu likatoboka. Likazibwa. Nilipogeuka kuangalia nyuma, nilitamani kulia: kwenye mkono mmoja umetundikwa mkungu wa ndizi, kwenye mwingine ndoo, na mama mmoja kakivika kiwiko cha askari wa juu mkoba wake.

"Dada," nikamwambia, "hicho ni cha watu waliokufa vitani."

Akashtuka, akautoa mkoba haraka. Akauliza ni watu gani. Nikawataja kwa majina ya baba zao. Alipolisikia la tatu akasema, "Huyo ni mjomba wa mume wangu." Akaipangusa ile mikono kwa ncha ya kanga, vumbi lote, na aliyekuja baadaye na ndoo akamfokea kuliko nilivyoweza mimi.

Kengeja

Walikuwa wanatungojea. Familia zote nne, na Faki mbele, kavaa kanzu iliyopigwa pasi na juu yake koti lenye nishani zake. Nikatazama nyuma yake. Bila kumwambia mtu, alikuwa amejenga jukwaa la saruji linalomfika mtu kifuani. Jukwaa la askari. Yaani hakuwa amekata tamaa hata siku moja.

Wanaume waliteremsha gogo, wakalisimamisha chini.  Wale wa mkarafuu wakatafuta uso, wakaukosa, wakatazamana, wakaanza kutikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini Faki alilisogelea gogo. Alizunguka na fimbo yake.

"Bunduki?"

"Hamna, kaka."

"Buti?"

"Fundi anasema miguu ameipata kwa yule askari wa shaba wa Dar es Salaam."

"Peku!" Akagonga mawimbi kwa fimbo. "Na haya maji ya nini? Kagera kuna bahari? Mize, miye nilikutuma kuleta askari, umeniletea waogeleaji!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mimi, mshindi wa ugomvi, sikutaka kushinda, maana nilimtazama usoni na nikajua si hasira. Huyu mtu alikuwa anawadai wenzake heshima tangu ujana wake, na alichokijua cha kuwaheshimia ni buti na bunduki.

Akainua mkono kama anataka kulisukuma lile gogo. Mkono ukatua pale ambapo mmoja amemshika mwenzake. Ukabaki pale.

"Nani kamwambia fundi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Kamwambia nini?"

"Kushika hapa." Akanigeukia, akanikamata si kiganja bali kifundo cha mkono, na akanielekeza na mimi nimkamate vivyo hivyo. "Kiganja kikirowa huteleza. Ukimshika mtu kiganja, maji yanakwenda naye. Unamshika hapa, naye anakushika hapa. Ndivyo tulivyovuka."

Nilimpigia fundi baadaye kumwuliza. Alisema hakuna aliyemwambia. Babu yake alimfundisha kuwashikanisha watu hivyo, kwa sababu ukichonga kiganja kwa kiganja mti huvunjika vidoleni.

Faki alikuwa hajaniachia. Akakaa kwenye ukingo wa jukwaa lake na akasema jambo ambalo tangu arudi vitani hakuwahi kulisema, si mbele yangu wala ya mama yangu.

Walifika kwenye mto mdogo uliofurika, akasema, daraja hakuna, na vijana wengi wa kikosi walikuwa wa bara, mto kwao ni wa kuchota maji tu. Aliyeingia wa kwanza ni Hamad. Akasimama katikati, maji kifuani, akawapitisha mmoja mmoja. Palikuwa na sajenti mmoja, jitu la miraba minne, lilikuwa likisoma dua zote linazozijua na za dini zisizo zake.

"Hamad akamwambia, 'Afande, maji haya kwetu twaogeshea watoto.'"

"Alisema hivyo?"

"Huku anacheka! Kamshika sajenti hapa, anamvuta, na anamcheka usoni. Sote tukacheka. Tumo vitani, tumerowa, tunacheka kama majuha."

Shoga zangu, tangu nikiwa msichana, kila nikimwona Hamad wa vitani kichwani mwangu alikuwa kalala kifudifudi. Sikuwa na picha nyingine. Hakuna aliyenipa. Nikacheka mpaka nikashika ubavu, na mama wa lori, yule wa mkoba, akacheka pamoja nami ingawa hakumjua.

Faki akasimama. Akapima jukwaa kwa fimbo, akapima gogo. "Huko juu nani atawashika?" akasema. "Nileteeni nyundo."

Wakamwomba wafanye wao, akakataa. Pigo la kwanza alilipiga yeye, na la pili, mpaka pumzi ikamwishia na vijana wakapokea. Kabla ya magharibi jukwaa lilikuwa limeshuka hadi magotini, na kazi ya Lukasi imesimama juu yake, kila mkono unafikika. Watu wa kwanza waliokuja hawakujua wafanye nini. Halafu mama mmoja wa zile familia nne akatoa mkono wake kama anayesalimia wageni, akazunguka gogo lote, mmoja mmoja, na wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Faki aliketi kando anakunywa uji, kazungukwa na wajukuu, na alikuwa anaisimulia ile ya sajenti kwa mara ya tatu. Kila mara sajenti alizidi kunenepa na mto ulizidi kujaa. Nilitaka kumsahihisha. Badala yake nikasogeza mkeka wangu karibu, nikangojea pale Hamad anapojibu.